Aliyeitika kwa Namba ya Neema

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri na mweke simu pembeni. Najua wengi wenu mmeshasikia kisa hiki vipande vipande. Mmoja kaongeza huku, mwingine kapunguza kule, na mnasimuliana ndani ya treni mkicheka. Hakichekeshi. Mimi nilikuwepo. Mikono yangu hii ndiyo iliyompakulia chakula. Nilisoma darasa la tatu tu, kule Uvira, yaliyobaki nikafundishwa na vita na kambi, kwa hiyo msitegemee ufundi. Naandika yaliyotokea jinsi yalivyotokea. Anayepiga chapa ni Esperance, ambaye naye alikuwepo. Herufi nimemruhusu kurekebisha, maneno asiguse.

Mama yangu alizaa watoto wengi. Wangapi? Siwaambii, na yeye mwenyewe hakuwahi kutaja. Kwetu mtu hahesabiwi. Unahesabu mbuzi, unahesabu magunia ya muhogo. Mtu unamwita. Kila jioni kabla ya kufunga mlango mama alisimama kizingitini akaita jina la kila mmoja wetu, na kila mmoja alipaswa kuitika kwa mdomo wake: wavulana "Naam," wasichana "Abee." Ukimwitikia ndugu yako aliyesinzia, unachapwa. Kwa nini? Hakutueleza, na sisi hatukuuliza. Nilipopata watoto wangu nikafanya vilevile. Kambini Tanzania nilifanya vilevile chini ya turubai. Tulipoletwa Sweden tukapata nyumba Rissne, mtaa wa Stockholm, ghorofa ya tatu, nikaendelea. Jirani wa chini alidhani naimba.

Katika kisa hiki nitataja namba, maana bila hiyo namba hakielezeki. Mungu anisamehe.

Neema ni mtoto wa binti yangu Furaha. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa anafanya kazi ya zamu Södertälje kwenye kiwanda cha malori, anatoka watu wamelala, anarudi watu wamelala, kwa hiyo Neema nimemlea mimi. Mtoto mzuri, lakini mkaidi kama mimi. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiswidi, na tukaelewana.

Ikaja likizo ya Februari. Kanisa letu likapanga kupeleka vijana milimani kaskazini, wajifunze kupanda mlima kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Kiongozi wao alikuwa Mswidi mmoja, Göran, mtu mrefu, mpole, aliyechimba visima Tanzania miaka mingi. Kiswahili chake alikipata kwa mafundi, na ukimuudhi unakisikia chote. Wazazi wakasema watoto hawaendi bila mtu mzima wa kwetu. Watoto nao wakasema hawali makaroni siku nne. Ndiyo nikaenda mimi, bibi wa Uvira, na sufuria zangu mbili, mchele, maharagwe, na mfuko wa ndakala, dagaa wakavu wa kwetu, ambao Göran aliomba tuufunge mara tatu kwa sababu ya harufu garini.

Walikuwepo Neema na Esperance, wote wa Rissne. Alikuwepo Patient wa Fittja, mtaa mwingine wa Stockholm, mwenye mdomo usiochoka; yeye, kama Neema, huniita Koko, yaani bibi. Deo, Mrundi, mkimya. Na Wanjiru, Mkenya, aliyeniita Shosho. Ni hao tu. Tulilala kwenye kibanda cha mbao juu kabisa, mahali miti inapokoma. Hakuna umeme, hakuna simu inayoshika. Jiko la kuni, vitanda vya ghorofa, na maji ni theluji unayoyeyusha mwenyewe. Patient alisema, "Koko, umekimbia kambi ukaja kulipwa ukae kambini." Nikamwambia hakuna anayenilipa, na akalete kuni.

Jioni ya kwanza Göran akawapa namba. Patient moja, Wanjiru mbili, Deo tatu, Esperance nne, Neema tano. Kwa Kiswidi tano ni fem. Akasema, "Mlimani ukungu ukishuka, sitaki majina. Majina yanaliwa na upepo. Nikipiga kelele hesabu, kila mtu atoe namba yake, kwa zamu. Nikisikia mpaka fem, najua mpo wote."

Nikamuuliza, "Göran, hawa ni mbuzi?"

Akacheka. "Mama, hesabu haidanganyi."

Nilitaka kumjibu. Watoto walikuwa wanatazamana na kucheka chini chini, na Neema ameinamisha kichwa kwa aibu. Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Asubuhi yake ndipo nilipogombana na Neema, na ninawaeleza ugomvi wote kwa sababu ndio mzizi wa mambo. Nilimpa kitambaa cha kitenge, cha kijani chenye ndege wa njano, nilichokikata kwenye doti langu mwenyewe. Nikamwambia ajifunge shingoni na masikioni chini ya kofia ngumu. Nje kulikuwa na baridi ya kukata pua. Akakitundika msumarini karibu na mlango, mbele ya wenzake, akasema kwa Kiswidi kwamba hatavaa pazia mlimani. Wenzake wakacheka. Wanjiru peke yake akasema, "Wacha, Shosho anakujali."

Hasira ikanipanda. Nikasema, "Vaa au usivae. Lakini ujue leo jina lako halitoki mdomoni mwangu mpaka uniombe msamaha. Umesikia?"

Mimi nikageukia jiko, nikawapa mgongo. Nilisikia mlango ukifunguliwa, ukifungwa, ukifunguliwa tena, ukifungwa. Sikugeuka. Kumbukeni hilo, kwamba mlango ulifunguliwa mara ya pili.

Nikawatazama dirishani wakipanda. Chini ya ski walibandika ngozi ndefu ili wasirudi nyuma, na walipanda polepole kama mchwa. Makoti yao yalikuwa ya kuazima, yote mekundu, sare moja. Kofia zilezile, miwani mikubwa ileile, vitambaa vimefunika pua na mdomo. Göran tu alivaa bluu. Nawaambia, ukimweka mtu ndani ya vazi hilo, hata aliyemzaa hamjui. Nilijaribu kumtafuta wangu kwa mwendo wake nikashindwa. Niliona nukta nyekundu zikipita kwenye zile nguzo zenye msalaba wa rangi wanazosimika kuonyesha njia wakati wa baridi. Halafu zikafika bega la mlima. Pale, walinieleza baadaye, walivua ski, wakafunga meno ya chuma chini ya buti, wakapanda kwa miguu, Göran akichonga ngazi kwenye theluji ngumu kwa shoka. Patient alifika juu wa kwanza na kupiga kelele kwamba anaiona Fittja.

Kabla hawajaanza kushuka, wingu likaja. Mimi niliona kutoka dirishani. Halikuja kama mawingu yanavyokuja. Mlima ulikuwepo, nikainama kuchochea moto, nikainuka, mlima haupo. Mbele ya kioo palikuwa peupe tu, kama mtu ametundika shuka. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Msiniambie niliogopa giza. Giza halikuwepo. Ilikuwa nyeupe, na mimi nawaambia, nyeupe ni mbaya kuliko giza. Gizani unawasha taa. Kwenye weupe utawasha nini?

Nikakaa nasikiliza. Muda mrefu ukapita, maharagwe yakaiva, nikayaepua, nikayarudisha. Kisha nikasikia kwa mbali, "Hesabu!" Ni Göran, kwa Kiswidi. Na sauti zikafuata, moja, mbili, tatu, nne, fem. Baada ya muda tena, karibu zaidi: "Hesabu!" Moja, mbili, tatu, nne, fem. Walikuwa wanashuka kutoka msalaba hadi msalaba, Göran nyuma yao wote, na kila msalaba anawahesabu.

Nikafungua mlango nikasimama kizingitini, kama mama yangu. Wakaanza kutokea kwenye ukungu, wekundu, wameganda theluji kichwani mpaka magotini. Mahali pale, wakati ule, kazi yangu ilikuwa moja, kuita majina. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Lakini kuita majina yote ni kuita na la Neema, na nilikuwa nimeapa. Kiburi kikanishinda. Basi nikafanya nini mimi mzee? Nikanyoosha kidole. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Göran akapiga kelele kwa nyuma, nao wakaitika mpaka fem, na hiyo fem niliisikia hapa, mbele ya uso wangu. Wakaingia. Göran akaingia. Nikafunga mlango kwa komeo dhidi ya upepo.

Nilifunga mlango kwa mkono wangu.

Ndani kulikuwa na zogo. Watoto wanavua buti, wanapiga mayowe vidole vinauma, Patient anamwambia Deo kwamba pua yake imekuwa karoti, Deo anamwambia afunge mdomo kabla haujaganda wazi. Göran alikuwa kwenye kona akihangaika na buti lililogoma kutoka. Nami nikaanza kupakua. Mmoja hakuvua kitu. Alikaa mwisho wa benchi, nyuma ya mlango, na koti lake, kofia yake, miwani yake, mikono juu ya magoti. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Bado amenuna. Na mimi nikanuna. Nikapakua wali, maharagwe, na ndakala wawili, nikaiweka sahani kwenye kiti kidogo mbele yake. Nikasema, "Chakula hicho." Sikutaja jina.

Hakunyanyua kichwa.

Nikaenda, nikarudi. Wenzake walikunywa chai kikombe cha kwanza. Mniamini, nilikuwa namwangalia pembeni ya jicho muda wote, na hasira yangu ilikuwa inapungua kidogo kidogo, kama inavyokuwa kwa mtoto uliyemlea. Nikasema, huyu mtoto atakuwa anasikia baridi. Nikageuka kukichukua kile kitambaa cha kitenge msumarini nimfunge mwenyewe kwa nguvu, apende asipende.

Msumari ulikuwa mtupu.

Nikasimama. Nikakumbuka mlango wa asubuhi uliofunguliwa mara ya pili. Alikuwa amerudi. Alirudi kimya kimya, mimi nimempa mgongo, akachukua kitambaa changu akaenda nacho. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na mimi sikugeuka kuupokea.

Nikamtazama yule wa kwenye benchi. Shingoni hakuna kijani. Hakuna ndege wa njano. Nikatazama chini. Kila mtoto alikuwa amekaa juu ya dimbwi, maana theluji ilikuwa inawayeyukia mpaka sakafu imelowa. Chini yake yeye mbao zilikuwa kavu. Theluji ya mabegani mwake ilikuwa palepale, nyeupe, hatua tatu kutoka kwenye jiko linalounguruma. Pale mlangoni palikuwa na baridi kiasi kwamba nilikuwa naona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kama moshi. Yake sikuiona.

Nikasema polepole, "Patient."

"Naam, Koko."

"Wanjiru."

"Niko hapa, Shosho. Kwani kuna nini?"

"Deo."

"Naam, Bibi."

"Esperance."

"Abee."

Wote wakageuka kunitazama. Walishanijua sauti.

"Neema."

Hakuna.

"Neema. Neema wa Furaha. Nakuita."

Hakuna. Göran alikuwa ameacha buti lake. Nikamsogelea yule wa benchi mpaka nikajiona kwenye miwani yake, bibi mdogo mwenye mwiko mkononi. Nikamuuliza, "Wewe unaitwa nani?"

Akanyanyua kichwa, akasema, "Fem."

Mtaniuliza, sauti ilikuwa ya Neema? Nitasema ukweli. Ilikuwa ya Neema, kama ile mashine ya simu inayokariri maneno ya mtu ambaye ameshatoka nyumbani. Mwenye sauti hayumo. Akasema tena, "Fem," vilevile, kama mtu anayeonyesha tikiti aliyopewa na wenyewe. Na kweli, si sisi tuliompa? Tulisimamisha kiti kitupu kwenye ukungu, tukaita nani akikalie.

Sikumgusa. Sikumwombea wala kumkemea, wachungaji mnisamehe, muda huo sikuwa nao. Nilijua jambo moja tu, kwamba aliyekaa hapa amekaa mahali pa mtoto wangu, na mtoto wangu yuko nje. Nikafungua komeo, nikashika sufuria tupu na mwiko, nikatoka na viatu vya ndani. Göran akatoka buti moja limevaliwa nusu. Patient na Deo wakatufuata.

Nikapiga sufuria, nikaita. "Neema! Neema wa Furaha! Neema, koko wako anakuita!" Göran akafungua mdomo, nikaona anataka kuhesabu, mazoea hayo. Nikampiga mwiko mkononi. "Usithubutu!"

Akanielewa. Akaanza kuita na yeye, "Neema! Neema!" Tukaita wote. Tukanyamaza. Upepo tu. Tukaita. Tukanyamaza.

Na chini yetu, upande wa kushoto, mbali na misalaba, nikasikia kitu kidogo kama paka aliyefungiwa kabatini.

"Abee, Koko."

Patient ndiye aliyeona rangi. Kijani, kwenye weupe wote ule. Alikuwa ameanguka kwenye shimo nyuma ya jiwe kubwa, ski moja imetoka, buti limejaa theluji, amekaa ametulia, mikono mapajani. Kutoka mlangoni kwetu hapakuwa mbali hata kama kutoka stesheni ya Rissne hadi dukani. Alikuwa anasikia vyombo vyetu. Alikuwa anasikia Patient akicheka.

Baadaye, Göran akimkanda miguu kando ya jiko, nilimuuliza Neema, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Akanijibu kwa Kiswahili, mtoto ambaye hanijibu Kiswahili. "Nilipiga, Koko. Göran alipohesabu, nilikuwa nangoja zamu yangu niseme fem. Kila mara mtu aliwahi kusema kabla yangu. Karibu yangu kabisa, hapa sikioni. Na Göran akasema vizuri, mpo wote. Nilipopiga kelele baada ya hapo, sauti haikutoka. Mwisho nikaona labda ni kweli. Labda nimeshafika, mimi ndiye niliyeko ndani, na huyu aliyekaa kwenye theluji si mtu."

"Na ukasikia nini tena?"

"Nikasikia unapakua."

Sikulia pale. Nililia Rissne.

Tulipomwingiza ndani, benchi lilikuwa tupu. Esperance na Wanjiru walikuwa juu ya kitanda cha juu, wamekumbatiana. Walikuwa humo na hawakuona akitoka. Wanjiru alisema alipepesa macho. Esperance alisema alikuwa akiangalia sahani. Nami nikaiangalia ile sahani. Wali, maharagwe, ndakala wawili. Niligonga wali kwa mwiko, ukalia kama jiwe. Chakula kilikuwa kimeganda mpaka kitini, kwenye chumba ambacho watoto wametoka jasho. Nikakichukua kwa koleo la jiko, nikakitupa nje na sahani yake.

Sasa wako wajuaji. Göran mwenyewe alipoandika taarifa aliandika kwamba yaelekea mpanda mlima mwingine alichanganyika na kundi kwenye ukungu. Sawa. Mpanda mlima mwingine. Alipata wapi koti letu la kuazima? Kwa nini Kiswidi chake chote kilikuwa namba moja tu, na namba yenyewe ya Neema? Na alipotoka alipita wapi, wakati mlango tulikuwa tumesimama mbele yake sisi? Nilimuuliza Göran maswali hayo jikoni kwangu. Alikunywa chai mpaka ikaisha, akasema, "Mama, niliandika kinachoandikika." Hakupeleka tena watoto mlimani.

Neema alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Daktari alisema angechelewa kidogo zaidi, tungezungumza mambo mengine. Furaha alikuja hospitali moja kwa moja kutoka zamu, na nguo za kazi, akaniuliza mbele ya mtoto, "Mama, wewe ulikuwa wapi?" Mtamjibu nini mwanenu akiuliza hivyo? Nikamwambia ukweli. "Nilikuwa nampakulia mwingine." Hakusema nami wiki nzima, na alikuwa na haki.

Mnadhani liliishia huko. Siku ya kurudi Stockholm, kwenye gari dogo la kanisa, tulisimama kituo cha mafuta. Neema alikuwa ametangulizwa hospitali, kiti chake cha dirishani kilikuwa wazi. Watoto wakarudi garini, Göran akageuka nyuma na kidole chake, bila kufikiri. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikaenda kwenye kile kiti kitupu, kikakaa pale. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Kioo cha dirisha lile kilikuwa kimeota barafu kwa ndani, chake peke yake. Nikasema, "Göran, geuka, endesha." Nikaita majina mpaka Stockholm, kila baada ya muda, na hakuna aliyenicheka, hata Patient.

Miaka kumi imepita. Neema ana mtoto wake sasa, Elia, ana miaka minne, anaenda chekechea hapa hapa. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa kwenye jukwaa la treni ya chini ya ardhi, Rissne, nangoja kwenda mjini, nikaona kundi lao limepangwa ukutani na vizibao vya njano. Mwalimu, msichana mzuri tu, sina ubaya naye, akawaambia watoe namba. Vitoto vikaanza, kimoja kimoja, vinafurahia. Cha mwisho kikasema namba yake. Na baada yake, kutoka upande wa pangoni treni inakotokea, ikasemwa namba inayofuata. Kwa upole. Kwa zamu yake.

Mwalimu akakunja uso, akatazama mstari, akahesabu tena, ikawa sawa, akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nikamshika Elia mkono, nikamwita jina lake, akaniitika, nikamchukua nyumbani na kizibao chao. Chekechea walipiga simu. Walisema kuna utaratibu wa kuchukua mtoto. Niliwaambia najua, na mimi nina wangu.

Basi nyinyi vijana, mnaokwenda milimani, mnaokwenda safari za shule, mnaofanya kazi za kulea watoto na wazee wa watu, sikilizeni. Namba inaweza kuitikwa na yeyote, maana haina mwenyewe. Ukisikia hesabu imetimia, usishukuru haraka. Tazama uso. Ita jina. Subiri ujibiwe. Na kama umegombana na mtu asubuhi, hasira zako ziweke kokote, lakini jina lake usilifungie.

Jioni ile niliyomleta Elia niliwaita wote jikoni, Furaha, Neema, mume wa Neema, na mtoto mwenyewe juu ya goti langu. Chakula kilikuwa mezani. Furaha alikuwa anatoa sahani kabatini, na nikasikia anajihesabia midomoni, moja, mbili. Nikampokonya sahani. Nikawaambia hivi, na mpaka leo ndivyo inavyofanyika: katika nyumba hii hakuna kumhesabu mtu. Mlango haufungwi na kijiko hakishikwi mpaka kila mmoja ameitwa kwa jina lake na ameitika kwa mdomo wake. Na akija mtu, hata awe nani, akasema ni namba, msimfungulie.